Mti uliouziwa kama mangostini, na cherimoya inayotoa maua bila tunda

Dada mmoja wa mtaa wa Utawala, hapa Nairobi, ameniuliza hivi, nimefupisha kidogo: "Habari mwalimu. Tulihamia huku miaka mitatu iliyopita, ploti ni 40 kwa 80, nikasema sitaki kupanda kayaba na maua tu, nataka matunda yenye watoto wangu hawajawahi kuona. Nikanunua miche mitano kwa nasari ya kando ya barabara: mangostini, lichi, cherimoya, stafeli na jabotikaba. Lichi ilikufa mvua ya kwanza tu. Stafeli inamwaga majani kila Julai na saa hii imebaki kijiti. Jabotikaba iko hai lakini majani ni njano, mishipa peke yake ndio kijani. Cherimoya imenipita urefu, inatoa maua mengi na haijawahi shika tunda hata moja. Halafu mangostini iko sawa kabisa, lakini jirani anasema huo si mangostini, ati majani yanatoka matatu matatu na ni magumu kama ngozi. Nitajuaje ukweli? Na kuna haja ya kuendelea ama nipande tu avokado?"

Dada, avokado panda, lakini hii mingine usiache. Swali lako ni zuri sana na nimelifurahia kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu kinachosumbua watu wa Nairobi wanaopenda matunda adimu. Na ukiangalia vizuri, hayo mambo matano ni jambo moja tu: huu mti ni gani haswa, na kwao ni wapi. Ukishajua kwao ni wapi, utajua mbona unalia Julai, mbona hautaki maji yako, mbona maua yanaanguka.

Shida inaanza na hili neno "matunda ya nchi za joto". Watu wanasikia hivyo wanasema aah, Kenya si nchi ya joto, iko hapa kwa ikweta, basi kila kitu kitamea. Lakini Nairobi iko juu, kutoka kama mita 1,500 upande wenu wa Utawala na Ruai mpaka zaidi ya mita 1,800 upande wa Karen na Dagoretti, na kila ukipanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari joto linapungua kama nyuzi sita hivi. Ndio maana Mombasa usiku wa Julai mtu analala bila blanketi na wewe huku unatafuta sweta, juu usiku wa Nairobi mwezi huo unashuka mpaka nyuzi 10 au 12. Sasa kuna matunda ya joto ya chini, ya visiwa na misitu yenye unyevu ambapo usiku na mchana joto ni karibu sawa: doriani, shokishoki, mangostini, shelisheli, stafeli. Hizo ndizo unazikuta Zanzibar na Pemba na zinazaa bila kubembelezwa. Halafu kuna matunda ya joto ya mlimani, yaliyotoka nchi za ikweta lakini juu milimani, kama cherimoya ya mabonde ya Andes huko Peru na Ecuador. Hizo za pili Nairobi ni nyumbani kwao kabisa. Watu wengi wanahangaika na za kwanza miaka kumi, wanakata tamaa, na hawajawahi jaribu za pili, na hio huniuma sana.

Tuanze na huo mti wa mangostini. Jirani yako yuko sawa. Mangostini yenyewe, ile ya Malaysia na Indonesia, majani yake hutoka mawili mawili yakitazamana, makubwa, marefu kushinda kiganja, yanang'aa, na mche wake hukua polepole mpaka mtu anadhani umekufa, miaka miwili unaeza kuwa haujafika goti. Na joto likishuka chini ya nyuzi 20 unasimama tu, haukui. Kwa Utawala, nje, bila kufunikwa, miaka mitatu na bado uko "sawa kabisa"? Hapana. Vunja jani moja pale linaposhikana na tawi uangalie utomvu. Ukitoka wa njano, mzito, basi uko kwa ukoo wa mangostini, Garcinia, na hapo muuzaji hakukosea sana. Lakini majani matatu matatu kwa kila fundo, magumu, kijani kizito na mishipa imepauka, matawi yamesimama wima kama yamekasirika, hio ni Garcinia livingstonei, mangostini ya Afrika. Huo ni mti wetu. Unamea wenyewe nyikani kutoka Somalia mpaka Afrika Kusini, kando ya mito na hata juu ya vichuguu vya mchwa, unavumilia ukame, na matunda yake ni madogo ya rangi ya machungwa, ngozi nyembamba, nyama kidogo ya utamu na ukali ukizunguka mbegu moja au mbili. Si mangostini ya dukani lakini ni tunda zuri, na watoto wako watalila. Kitu kimoja tu: huu mti mara nyingi unakuwa wa kiume ama wa kike, kwa hivyo mmoja peke yake unaeza kutoa maua tu miaka nenda miaka rudi. Tafuta mwingine au hata miwili upande karibu nao. Na usiung'oe, tafadhali. Umeuziwa kwa jina la mwingine lakini umekubali udongo wako, ni miti michache inafanya hivyo.

Sasa cherimoya, na hapa nitakaa kidogo juu hii ndio furaha yako na wewe hujajua.

Kwanza hakikisha ni yenyewe, manake sokoni hapa Nairobi kila kitu cha ukoo huo kinaitwa matomoko na nasari pia zinachanganya. Shika jani, ligeuze, pitisha kidole chini yake. Cherimoya kwa chini ina manyoya laini mafupi, unasikia kama mahameli, na jani ni pana, mviringo wa yai. Stafeli jani lake linang'aa juu, ukilisugua lina harufu kali inayobaki kwa vidole. Topetope ile ya Pwani, yenye tunda la magamba yaliyoachana, jani lake ni jembamba, limefifia, chini lina weupe wa kibluu kidogo. Na ile wanaita moyo wa ng'ombe jani ni refu jembamba na mishipa imeonekana sana. Ukishika majani ya hii miti minne mara moja hutasahau tena, hii ni elimu ya kidole kushinda ya kitabu. Wako ukiwa na mahameli, na umekupita urefu, na umejaa maua, ni cherimoya na imefika kwao.

Mbona haishiki? Ua la cherimoya lina tabia ya ajabu. Linaanza likiwa la kike. Petali tatu nono, za kijani na kahawia, zinafunguka kidogo tu, kama mdomo wa mtu anayenong'ona, na hapo ndani liko tayari kupokea chavua lakini lenyewe halina ya kutoa. Kesho yake mchana ukiisha, kama saa tisa au kumi, linafunguka wazi na sasa ni la kiume, linamwaga chavua, lakini sehemu ya kike imeshafunga kazi. Kwa hivyo ua haliezi kujisaidia lenyewe. Huko kwao kuna wadudu wadogo aina ya mbawakawa wanaoingia kwa ule mwanya na kuhamisha chavua kutoka ua moja hadi lingine, huku kwetu hao wadudu hawafanyi hio kazi vya kutosha, nyuki naye haingii, mwanya ni mdogo kwake. Kwa hivyo mdudu utakuwa wewe.

Nunua brashi ndogo ya rangi, ile ya watoto wa shule. Saa kumi jioni tafuta maua yaliyofunguka wazi, yashike chini yake na kifuniko cha chupa, yatikise au uyakwangue polepole, utaona unga wa rangi ya maziwa pamoja na vipande vidogo vya kahawia. Hio ndio chavua. Halafu saa hio hio tafuta maua yenye yamefunguka nusu, fungua petali kidogo na kidole bila kuzivunja, chovya brashi kwa unga, zungusha pale katikati pande zote. Pande zote, nasisitiza, juu ukipaka upande mmoja tunda litakua limepinda, limenona huku na kunyauka kule. Kama jioni hio hakuna maua ya nusu, weka chavua kwa kikopo kwenye friji uitumie kesho asubuhi mapema kabla jua halijakausha hewa. Fanya maua kumi au kumi na tano, ufunge kauzi kwa kila moja uliloshika ndio ujue ni gani. Baada ya wiki mbili hivi, zile hazikushika zitaanguka na zile zimeshika zitabaki na kitu kidogo cha kijani kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi na bado nikiona hako ka kijani huwa naita watu waje waone.

Tunda litachukua kama miezi mitano mpaka minane kutegemea baridi. Usingoje lilainike mtini, ndege na nzi watakushinda. Likianza kupauka kutoka kijani kizito, likate na kisu ukiacha kakikonyo, liweke ndani ya nyumba siku chache mpaka likibonyezwa linabonyea kama avokado. Lisiingie friji kabla ya kuiva, baridi hulifanya jeusi na ladha inapotea. Na mbegu, sikia vizuri kwa sababu una watoto: mbegu za huu ukoo wote zina sumu. Mtu akimeza moja nzima kwa bahati mbaya itapita tu, lakini usiwahi kusaga tunda na mbegu zake kwa blenda, na unga wake usiguse macho. Toa mbegu zote kwanza, ndio upige juisi.

Na upogoe. Cherimoya iliyoachwa inakimbia juu na maua yanakuwa mahali hufiki. Kuna siri moja hapa: jicho la tawi jipya limefichwa ndani ya kikonyo cha jani, limefunikwa kabisa, haliezi kuchipua mpaka jani lidondoke. Ukikata tawi halafu uchune yale majani ya mwisho, macho yanafunguka haraka na maua yanakuja pamoja na chipukizi mpya. Fanya hivyo mti ukiwa umepunguza majani, kabla joto halijarudi Septemba.

Jabotikaba. Majani njano na mishipa kijani, hio ni njaa ya madini ya chuma, na karibu kila mara kwa upande wenu sababu ni maji. Huko mnatumia maji ya chumvi, yale ya kisima kirefu, na angalia ukingo wa chungu au udongo ukikauka utaona unga mweupe. Maji hayo yana magadi, yanavuta udongo kutoka uchachu kwenda upande wa pili, na jabotikaba ni mti wa kusini mashariki mwa Brazil unaopenda udongo mchachu na unyevu wa kila siku. Chuma iko kwa udongo lakini mizizi haiezi kuichukua. Kumwaga mbolea zaidi hakutasaidia, kutaongeza chumvi tu.

Mimi ningeutoa hapo ulipo nikauweka kwa pipa lililokatwa nusu, lenye matundu chini, nijaze udongo mwekundu wa upande wa Kiambu ambao kiasili ni mchachu, samadi iliyooza kabisa, na majani makavu ya paini juu. Halafu maji ya mvua. Una mabati? Weka gata na tenki, hata dogo, maji hayo yawe ya jabotikaba peke yake wakati wa kiangazi. Kwa agroveti uliza chuma ya kuweka kwa udongo, aina ya EDDHA, hio inafanya kazi hata kwa udongo wenye magadi, ile nyingine ya EDTA hapo inapoteza nguvu haraka, kwa hivyo soma pakiti kabla ya kulipa. Majani ya zamani hayatarudi kijani vizuri, angalia yale mapya. Na uwe na subira, jabotikaba ya kawaida kutoka mbegu inaeza kuchukua miaka minane, kumi, na zaidi, ingawa kuna ile wanaita nyekundu inayozaa mapema, hata miaka minne. Ikizaa, tunda linatoka kwa shina lenyewe, meusi kama zabibu yamegandana kwa gome. Mtu akiyaona mara ya kwanza hudhani mti umeugua.

Lichi ilikufa maji. Sio baridi. Lichi inahitaji kibaridi na ukavu kabla ya maua, kwa hivyo Julai ya Nairobi haikuiua. Iliuawa na ule udongo mweusi wenu. Najua vile watu hufanya, mimi pia nilianza hivyo: unachimba shimo futi mbili kwa mbili, unajaza mbolea nzuri na udongo mwekundu, unapanda katikati, unajisikia umefanya kazi safi. Mvua ya Machi ikija, udongo mweusi wa pande zote unavimba na hauruhusu maji kupita, lile shimo linakuwa sufuria, mizizi inakaa ndani ya maji wiki tatu, inaoza. Halafu kiangazi kikija udongo huo huo unapasuka nyufa za kuingiza mkono na kukata mizizi iliyobaki. Kwa udongo mweusi usichimbe, panda juu. Lainisha ardhi na jembe kidogo, mwaga udongo mwekundu kama nusu pikap, fanya kilima cha upana wa mita mbili na urefu wa goti au zaidi, panda mche juu ya kilima, funika na nyasi kavu nene lakini zisiguse shina. Chimba kamtaro ka kutoa maji chini. Kazi na gharama ni mara moja, na kila mti wako utakaoupanda kuanzia leo, hata hio avokado, ufanyiwe hivyo.

Ukinunua lichi nyingine usikubali ya mbegu, itakuzeesha, zaidi ya miaka kumi na tunda linaeza kuwa mbegu tupu na ngozi. Tafuta iliyotolewa mizizi juu ya tawi la mti unaozaa, wanakwangua gome la tawi kote kote, wanalizungushia matope na nyasi ndani ya karatasi ya plastiki mpaka litoe mizizi, halafu wanalikata. Utaitambua kwa sababu shina halinyooki kutoka chini, linakaa kama kijiti kilichochomekwa, na majani yake machanga hutoka mekundu ya shaba, na kila "jani" ni vijani viwili mpaka vinne kila upande wa kikonyo kimoja.

Stafeli sina mengi. Ni mti wa chini, unateseka. Kama una ndugu Kibwezi ama Pwani mpelekee. Kama unaupenda sana, upande karibu na ukuta wa mawe upande wa kaskazini wa huo ukuta, manake sisi tuko kusini kidogo ya ikweta na Juni na Julai jua linapita kaskazini yetu, basi ukuta huo unashika joto la mchana na kuuachilia usiku. Kwa Utawala inaeza kukupa tunda mojamoja. Kwa Karen ningekuambia hapana.

Umeuliza utajuaje ukweli wa mti kabla haujazaa. Usianze na kibandiko, wala usianze na picha ya tunda iliyobandikwa kwa nasari. Angalia majani yametoka vipi: yanatazamana kama mapera na jabotikaba, au yanapishana kushoto kulia kama matomoko, au ni vijani vingi kwa kikonyo kimoja kama lichi na shokishoki, au yameenea kama vidole vya mkono. Vunja uone utomvu: mweupe kama maziwa ni ukoo wa fenesi na mtini, ama chikuu, wa njano ni wa mangostini. Sugua unuse. Mtu akikuuzia shokishoki yenye jani moja moja pana, ondoka tu bila kubishana, hakuna vile hio itakuwa shokishoki. Makadamia pia watu hawajui ziko mbili, ile laini majani yake hutoka matatu matatu na ile ya miba hutoka manne manne, na ukijua hio peke yake umeshinda wauzaji wengi. Programu za simu za kutambua mimea nazitumia pia, ila kwa mche mdogo zinakosea sana, zinapenda maua. Ukipiga picha piga juu ya jani, chini ya jani, fundo, na mti mzima, si jani moja kutoka mbali.

Na ukikwama kabisa, hapa Nairobi tuna kitu ambacho watu wanapita kila siku kwa matatu bila kujua. Pale Museum Hill, ndani ya Makumbusho ya Taifa, kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, nyumba ya mimea iliyokaushwa, ilianzishwa Amani huko Tanganyika mwaka wa 1902 na ikahamishiwa Nairobi 1950. Nyumbani kwetu upande wa Kikuyu kulikuwa na mti mkubwa tulioukuta, tulikuwa tunaita tu mti wa wazungu, matunda ya kijani yanaanguka usiku, ndani meupe laini matamu kama kastadi, na mama alikuwa anatukataza kula juu hakujua ni nini. Nilipokuwa mkubwa nikakata katawi kenye majani na maua, nikakabana kati ya magazeti na vitabu vizito siku kumi, nikaandika mahali, tarehe, urefu wa mti, rangi ya tunda, nikapeleka. Ilikuwa sapote nyeupe, Casimiroa edulis, ya milima ya Mexico, ndugu wa machungwa. Tulikuwa tumelelewa chini ya tunda adimu na hatukulijua jina. Mama alikuwa na haki kwa kitu kimoja, mbegu zake zina sumu, hizo hazitafunwi. Nyama ilikuwa sawa miaka hio yote.

Hio sapote nyeupe ndio ningekuambia upande mahali lichi ilikufa, juu ya kilima. Utaitambua kwa vijani vitano vilivyoenea kama vidole. Tafuta ya grafti, ya mbegu ni mti mkubwa sana kwa ploti ya 40 kwa 80. Ongeza fejoa, tunda la kijani la ukoo wa mapera, miti miwili, sio mmoja, juu mingi haijizalishi yenyewe, inapenda baridi yetu na hata petali za maua yake unakula, ni tamu. Kwa fensi ya nyumba weka pitanga badala ya hizo zingine, tunda lake ni kama kiboga kidogo chekundu chenye mbavu saba au nane, ukisugua jani lina harufu ya dawa. Na dada, hio kayaba uliyoikataa pale juu, tunda lake la njano ukiliacha liive kabisa ni jamu nzuri ajabu, kali, ina harufu ya aprikoti, lile tunda dogo la Ulaya la kukaushwa, ila nayo iko ya kiume na ya kike.

Ukienda Zanzibar ukala shokishoki usirudi na mbegu kwa mkoba, wala miche kutoka nje bila kibali. Ofisi ya KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, iko Karen, unaomba kibali cha kuingiza mmea kabla haujasafirishwa, na upande wa pili wanatoa cheti cha afya ya mmea. Najua inachosha. Lakini yule nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Afrika mara ya kwanza hapa kwetu Pwani mwaka wa 2003, na tangu hapo wakulima wa maembe wamemwaga matunda kwa mashimo. Huyo nzi atakuja kwa cherimoya yako pia, kwa hivyo tunda likifika ukubwa wa yai livishe mfuko wa karatasi ya kaki ufunge kwa kikonyo, na yale yameanguka yameoza usiyaache chini, yazike futi mbili ama uyafunge kwa karatasi nyeusi juani wiki nzima.

Kwa wiki hii fanya mambo mawili tu. Hamisha jabotikaba, na ununue brashi. Cherimoya yako ikiwa na maua saa hii, kesho saa kumi jioni uwe hapo chini yake.